Barua ya wazi kwa Makamu Mkuu wa Chuo: nafasi ya Meneja wa Programu ipo, au ina mwenyewe?

Mheshimiwa Profesa, pokea salamu zangu za heshima na pole kwa majukumu. Nisingekuandikia hadharani, ila imeili za ofisi ya rasilimali watu hazijibiwi, ukipiga simu unaambiwa mchakato unaendelea, tumesubiri mpaka tumechoka.

Wiki hii ndo imenimaliza. Tangazo la Meneja wa Programu ya Utafiti linasema mwisho wa maombi ni Ijumaa. Jumatano chuo kikaweka picha za uzinduzi wa mradi huohuo, watu wamejipanga wanatabasamu, na dada mmoja mstari wa mbele kavaa kitambulisho shingoni, nikaivuta picha nikasoma: Meneja wa Programu. Yani kitambulisho kimeshaprintiwa na sisi huku bado tunaskani vyeti! Sina ugomvi naye, huenda hiyo kazi anaijua kutuzidi wote.

Mambo haya nayajua maana nimeyafanya. Andiko la kuomba fedha mara nyingi linaenda kwa mfadhili likiwa na majina ya watu kabisa na mishahara yao kwenye bajeti, hela ikitoka mwenye jina anaanza kazi. Sio dhambi. Ila nadhani, na mtanisahihisha, mnatangaza ili faili lionyeshe nafasi ilishindaniwa, siku mkaguzi akija akute maombi yamejaa. Kwa hiyo sisi ni makaratasi ya kujazia faili? Kama jina lilishaandikwa semeni lilishaandikwa, mtu asisumbue wadhamini watatu wamuandikie barua za bure.

Na vigezo sasa! PhD, uzoefu miaka 10, cheti cha usimamizi wa miradi (PMP au PRINCE2), ujue bajeti za wafadhili, ripoti, vibali vya maadili ya utafiti, halafu mkataba ni mwaka mmoja "unaoweza kuongezwa kutegemea upatikanaji wa fedha". Hiyo sentensi naijua vizuri mno. Mradi wangu wa mwisho mfadhili aliongeza muda bila kuongeza hela, ripoti inadaiwa, data hazijasafishwa, nikaendelea kupiga kazi mshahara umekata, eti nijitolee kwa ajili ya mradi. Nikapewa cheti cha shukrani. Mwenye nyumba hakukipokea.

Profesa, ulisema mwenyewe mbele ya wafanyakazi ulipoingia ofisini kwamba kila nafasi ya utafiti itashindaniwa na kila muombaji atajibiwa. Tukapiga makofi. Tume ya Ulaya ilishatoa mwongozo wa kuajiri watafiti tangu 2005, ulitaka muombaji aambiwe mapema vigezo na idadi ya nafasi, na baada ya mchujo aelezwe maombi yake yalikuwa imara wapi na dhaifu wapi. Mimi wala sijafika huko kwenye udhaifu, nataka kujua tu kama yalifunguliwa.

Sina madai mengi. Kwenye kila tangazo andikeni nafasi ina mtu au haina, basi. Na hii ya Ijumaa nijibiwe kabla sijabonyeza kutuma: ipo kweli, au ina mwenyewe? Kama ina mwenyewe niambieni tu, niaplai kwingine mapema.

Wako katika kusubiri mchakato,
Muombaji