Sherehe za vijana tuwaachie vijana wazipange

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wazazi wenzangu kuhusu sherehe za watoto wetu walioingia ujanani, wale wa miaka 13 hadi 17. Tunahangaika wiki nzima na mapambo na chakula, lakini ukimuuliza mzazi hao vijana watafanya nini kwa saa tatu, jibu ni moja: "Watajua wenyewe." Wengine tunakosea kwa upande wa pili. Tunawapangia kila kitu kana kwamba bado wana miaka saba. Mimi nilikuwa wa kundi hilo.

Binti yangu alipotimiza miaka 14 nilipanga viti katikati ya sebule. Muziki ukizimwa, kila mtu awahi kiti, anayekosa anatoka. Wageni walikuwa 12. Wa kwanza kutoka alikuwa kijana mmoja mrefu, mpole, ambaye hakuwa akisoma na wenzake wale. Akaenda kusimama karibu na mlango, akatoa simu, akainama. Wa pili naye hivyo hivyo. Ilipofika raundi ya sita nusu ya wageni walikuwa wameegemea ukuta, nyuso zimemulikwa na simu, na hakuna aliyejali nani atabaki na kiti. Binti yangu akanivuta jikoni akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama, naomba tuache." Sauti ile ninayo hadi leo.

Nimeifikiria sana siku hiyo. Mtoto mdogo akitolewa mchezoni analia kidogo, kisha anasahau. Kijana anatoka akijua kila jicho liko juu yake. Na macho ya wenzake yana uzito kweli. Mwaka 2005 wanasaikolojia Margo Gardner na Laurence Steinberg walichapisha utafiti wa watu waliocheza mchezo wa kuendesha gari kwenye kompyuta, wengine peke yao, wengine mbele ya wenzao. Vijana wa miaka 13 hadi 16 walijitia hatarini zaidi wanapokuwa na wenzao. Watu wazima haikuwabadilisha sana. Ndiyo maana michezo ya kuchokozana, "fanya hivi kama wewe ni jasiri", naikataa kabisa nyumbani kwangu. Kijana atafanya.

Mwaka uliofuata nilimpa binti yangu karatasi tupu. Nikamwambia achague na rafiki zake wawili, mimi nitasema mambo matatu tu: saa ya kumaliza, taa zisizimwe, na mtu asitoke nje ya uzio. Siku nne walijifungia chumbani wakitunga vitendawili vya kutafuta hazina. Nilisikia kicheko kupitia mlango nikaelewa kwamba sherehe yao ilikuwa imeshaanza.

Siku yenyewe waliwagawa wageni kwa kura, vikundi vitatu vya watu wanne, ili marafiki wa siku zote wasing'ang'aniane. Kitendawili cha kwanza kilisema, "Jua likiwaka nalala, mvua ikinyesha nachanua." Kikundi kimoja kilikimbilia vyungu vya maua. Kingine kikaukunjua mwavuli uliokuwa nyuma ya mlango, kikaratasi kikadondoka. Simu hatukuzinyang'anya. Kila kikundi kilitumia moja tu, kupiga picha ya kila kilichopatikana, na zilizobaki zilikaa mifukoni bila mtu kuambiwa.

Jioni walicheza mafia, mchezo ulioanzishwa miaka ya 1980 na Dimitry Davidoff, aliyekuwa mwanafunzi wa saikolojia Moscow. Usiku wa mchezo, wachezaji wote hufumba macho, kisha wauaji wa siri wanachagua wa kumtoa; kukicha mji mzima unajadili nani muuaji na kupiga kura. Mtauliza, si huu nao unatoa watu? Unatoa, lakini aliyetolewa anafumbua macho na kuona siri yote, ila haruhusiwi kusema. Niliwaona waliokufa wameuma ngumi zao kwa kuzuia kicheko. Na msimulizi alikuwa nani? Yule kijana mrefu wa mlangoni. "Mji umelala," akasema kwa sauti nzito, na sebule nzima ikatii.

Mengine ni madogo. Wanaofika mapema wapewe kazi mikononi, kujaza maputo au kukata karatasi, kwa sababu nusu saa ya kwanza ndiyo ngumu. Muziki, kama watu wawili waliokaribiana inawabidi wapige kelele ili wasikilizane, upunguzwe. Mzazi akae ndani ya nyumba, mahali anapoweza kuitwa, lakini asikae sebuleni. Na wakinyamaza au wakikaa tu wakipiga soga, usikimbilie kuwaletea mchezo mwingine. Soga hiyo ndiyo waliyoifuata.

Nina ombi kwako, Mhariri. Tengeni nusu ukurasa, hata mara moja kwa mwezi, vijana wenyewe waandike michezo wanayocheza na kanuni zake. Mdogo wa binti yangu anatimiza miaka 13 hivi karibuni na ameshaniomba karatasi yake.

Mama wa vijana wawili