Salamu za Idi ya Mfungo Mosi, pamoja na habari za Ikulu ya Jakarta

Assalaam aleykum ndugu, jamaa na marafiki,

Mwezi umeandama na Ramadhani imetuaga. Idi Mubarak kwenu wa Unguja na Pemba, wa Tanga, Mombasa na Lamu, kwenu wa Maskati na Dubai, na kwenu wa London na Toronto ambao kila mwaka msikiti mmoja umeuona mwezi na wa jirani haujauona. Taqabbalallahu minna wa minkum. Mola azipokee funga zetu, pamoja na zile tulizozipitisha usingizini.

Usiku huu simu haipumui. Kila inapolia ni "nisamehe nilipokukosea, kwa kujua na kwa kutojua". Ujumbe ni mzuri, siubezi, na mimi mwenyewe nimeutuma. Lakini wapo wanaoutuma kwa watu mia kwa mkupuo, akiwamo fundi aliyechukua pesa zangu za kabati na kabati lenyewe sijaliona. Nilipousoma wa kwake akili ikaniruka hadi Indonesia, nchi ninayoifuatilia kwa miaka, kwa sababu kule mila hii ya kuombana radhi siku ya Idi imepanda mpaka Ikulu.

Indonesia ina Waislamu zaidi ya milioni 200, na Idi yao wanaiita Lebaran. Jiji la Jakarta hubaki tupu, kila mtu amerudi kijijini kwao kwa treni, basi, meli au pikipiki. Mtu wa pwani akikaribishwa mezani hapotei: kuku wa tui la nazi, na wali uliochemshwa ndani ya vifuko vilivyosukwa kwa majani machanga ya mnazi. Kabla ya kula, vijana hupiga magoti mbele ya wazee na kuomba radhi ya dhahiri na ya moyoni. Na milango ya Ikulu nayo hufunguliwa, raia wakapanga foleni kumpa rais mkono.

Taifa lenyewe lilizaliwa mwezi wa Ramadhani. Usiku wa kuamkia tarehe 17 Agosti 1945, siku mbili baada ya Japani kusalimu amri, Sukarno, aliyekuja kuwa rais wa kwanza, na Mohammad Hatta, aliyekuja kuwa makamu wake, walikuwa nyumbani kwa Maeda, afisa mkubwa wa jeshi la majini la Japani, wakiandika tangazo la uhuru. Vijana wenye hamasa walikuwa wamewateka alfajiri iliyotangulia na kuwapeleka Rengasdengklok, mji mdogo nje ya Jakarta, wakidai wazee wanachelewa. Kazi ikaisha karibu na alfajiri. Hatta alikuja kusimulia kwamba alikula daku humo humo, na kwa kuwa wali haukuwapo katika nyumba ya Mjapani yule, alikula mkate, mayai na dagaa wa kopo. Saa 4 asubuhi, Ijumaa, mwezi 9 Ramadhani 1364, Sukarno akiwa na homa ya malaria alisimama mbele ya nyumba yake, Pegangsaan Timur namba 56, akasoma sentensi chache tu. Bendera ilishonwa na mkewe, Fatmawati. Mimi habari ya dagaa wa kopo ndiyo inayonifanya niamini historia hii kuliko sanamu zote za shaba walizojengewa.

Waholanzi, ambao kampuni yao ya biashara iliifanya Batavia, yaani Jakarta ya leo, makao tangu 1619, hawakukubali kuondoka kirahisi. Vita viliendelea hadi mwisho wa 1949. Katikati ya vita hivyo, viongozi wenyewe wakawa hawatazamani usoni. Masimulizi ya Nahdlatul Ulama, jumuiya kubwa ya masheikh wa Java, yanasema kwamba Ramadhani ya 1948 Sukarno alimwita Kiai (yaani sheikh) Wahab Chasbullah, akamwomba ushauri. Kiai akamwambia: wanasiasa hawa wanalaumiana, na kulaumiana ni haramu, waite Idi wakae meza moja wahalalishiane. Karamu ikafanyika, ikaitwa halal bihalal, na mpaka leo maofisini na mashuleni watu hukusanyika baada ya Idi kwa jina lile lile. Haijapita miezi miwili, Septemba 1948, wakomunisti na serikali wakauana katika mji wa Madiun, Java.

Sukarno alikuwa bingwa wa maneno. Aprili 1955 alizikusanya nchi 29 za Asia na Afrika pale Bandung. Misri, Ethiopia na Sudan zilikuwapo. Sisi wa Tanganyika, Zanzibar na Kenya tulikuwa bado chini ya Mwingereza. Lakini mwaka 1959 alilivunja bunge la katiba na kuanzisha alichokiita demokrasia ya kuongozwa, na 1963 akatangazwa rais wa maisha. Maisha hayo ya urais yalidumu miaka minne. Bei za vitu zilikuwa zimepanda kwa zaidi ya asilimia 600 kwa mwaka, na jeshi na chama cha kikomunisti, PKI, walikuwa wakiviziana.

Usiku wa 30 Septemba 1965 kundi la wanajeshi liliwateka majenerali sita na luteni mmoja, wakauawa, na miili yao ikatupwa kisimani Lubang Buaya, pembezoni mwa Jakarta. Meja Jenerali Soeharto akashika hatamu, lawama yote ikabandikwa PKI, na mauaji yakaanza: Java, Bali, Sumatra Kaskazini. Makadirio ya kawaida ni watu laki tano au zaidi. Wengi hawakuuawa na jeshi peke yake. Waliorodheshwa na watu wa mtaa wao, wakachukuliwa usiku na vijana waliowajua kwa majina, wakiwamo vijana wa jumuiya za dini. Idi ya Januari 1966 iliangukia katikati ya msimu huo. Katika kijiji ambacho jirani alimtoa jirani, nani alimpa nani mkono?

Soeharto alipata waraka wa madaraka tarehe 11 Machi 1966, na 1968 akawa rais kamili. Sukarno alifariki Juni 1970 akiwa kizuizini nyumbani. Miaka 32 ya Soeharto haisemeki kwa sentensi moja. Shule zilijengwa hadi vijijini, umaskini ulipungua sana, na mwaka 1984 nchi ilijitosheleza kwa mchele. Wakati huo huo Timor Mashariki ilivamiwa Desemba 1975, uchaguzi ulikuwa ukijulikana mshindi kabla ya kura, na watoto wake walitajirika kwa ukiritimba.

Hapa wa Pemba mnisikilize. Karafuu asili yake ni visiwa vya Maluku, huko huko Indonesia, lakini kwa miaka mingi Waindonesia ndio waliokuwa wanunuzi wakubwa wa karafuu yetu, kwa ajili ya kretek, sigara zao zinazotiwa karafuu. Chini ya Soeharto walipanda mikarafuu mpaka wakajitosheleza, na miaka ya 80 bei ikaporomoka. Wazee waliokuwa wakianika karafuu wakati ule wanaijua habari hii bila kusimuliwa. Kisha mwanawe Soeharto, Tommy, akapewa ukiritimba wa kununua karafuu yote ya nchi, na wakulima wa kwao nao wakaonja walichokionja wa Pemba. Ukiritimba huo ulikuwa miongoni mwa mambo ambayo Shirika la Fedha la Kimataifa lilitaka yafutwe pale sarafu ilipoanguka. Tarehe 15 Januari 1998, tena Ramadhani, Soeharto alipigwa picha akiinamia meza kutia saini, na mkuu wa shirika hilo, Michel Camdessus, amesimama juu yake amefunga mikono kifuani. Waindonesia wengi walioiona picha ile walijisikia wametukanwa, hata wale waliokuwa hawamtaki mzee.

Mei wanafunzi wanne wa Chuo Kikuu cha Trisakti walipigwa risasi, mji ukawaka, na tarehe 21 Soeharto akajiuzulu. Katika hotuba yake fupi alishukuru, kisha akaomba radhi ikiwa kulikuwa na makosa na mapungufu. Ikiwa kulikuwa! Miaka 32, na hilo neno "ikiwa" likaingia katikati.

Aliyerithi ni B. J. Habibie, mhandisi wa ndege aliyelelewa kisiasa na Soeharto mwenyewe. Kwa miezi 17 Habibie alifungua magazeti, akaitisha uchaguzi wenye vyama 48 na kuwapa watu wa Timor Mashariki kura, nao wakachagua kuondoka. Mzee hakumsamehe. Hawakuonana tena. Januari 2008, Soeharto alipokuwa mahututi, Habibie alifunga safari kutoka Ujerumani mpaka hospitali na hakufikishwa kitandani.

Baada yake alikuja ninayempenda kuliko wote, Abdurrahman Wahid, Gus Dur, sheikh aliyekuwa karibu haoni, mcheshi, mjukuu wa mwasisi wa Nahdlatul Ulama. Aliwarudishia Wachina wa Indonesia ruhusa ya kusherehekea mwaka wao mpya hadharani. Na mwaka 2000 alifanya jambo ambalo hakuna aliyemtangulia aliyethubutu: aliomba radhi kwa watu wa 1965, akisema kwamba alikuwa ameshaomba hata kabla ya kuwa rais, kwa sababu vijana wa jumuiya yake walishiriki. Mwandishi mmoja mashuhuri, aliyewahi kufungwa kisiwa cha Buru miaka mingi bila kesi, alimjibu hadharani kwamba hautaki msamaha huo. Mepesi mno, alisema. Anataka sheria ifuate mkondo wake.

Niliposoma jibu lile mara ya kwanza nililiona kali. Siku hizi silioni hivyo. Kila Ramadhani masheikh wetu hutukumbusha darasani: dhambi iliyo baina yako na Mola, rejea kwake, naye ni Mwingi wa kusamehe, ama haki ya mja, haifutiki mpaka mwenyewe aiachilie au umlipe. Gus Dur aliomba kwa moyo safi, lakini aliyeombwa alikuwa na haki ya kusema bado.

Waliofuata niwapitie haraka. Gus Dur aling'olewa na bunge Julai 2001, akatoka kwenye kibaraza cha Ikulu kuwapungia wafuasi akiwa amevaa kaptula. Megawati, binti Sukarno, akakaa miaka mitatu. Susilo Bambang Yudhoyono, aliyekuwa waziri wake, akamshinda 2004 katika uchaguzi wa kwanza wa moja kwa moja, na wawili hao wakanuniana miaka na miaka. Idi zikaja, zikapita. Kwa sifa yake, ni wakati wa Yudhoyono ndipo mkoa wa Aceh, ncha ya Sumatra, ulipopata amani, Agosti 2005, baada ya tsunami. Kisha Joko Widodo, muuza fanicha wa Solo. Alishindana na Prabowo Subianto mara mbili. Mara ya pili, 2019, ghasia za matokeo zilitokea Jakarta katikati ya Ramadhani na watu wakafa. Julai wagombea wakakutana ndani ya treni mpya ya mjini, wakala pamoja, na Oktoba Prabowo akawa waziri wa ulinzi. Mwaka 2024 Prabowo akashinda urais, na makamu wake ni Gibran, mwana wa Joko Widodo, aliyefunguliwa njia na uamuzi wa Mahakama ya Katiba iliyoongozwa na shemeji wa baba yake.

Prabowo huyo aliwahi kuwa mkwe wa Soeharto, na 1998 aliondolewa jeshini kwa sababu ya kutekwa kwa wanaharakati. Msimu wa Idi ya 2025 alimtembelea Megawati nyumbani kwake, magazeti yakafurahi. Kusema kweli wakubwa wa Jakarta wanajua kusameheana wao kwa wao. Aliyepoteza kura hupata wizara, aliyetukanwa jukwaani hukaribishwa chai.

Lakini toka nje ya geti. Tangu Januari 2007, kila Alhamisi alasiri, ndugu wa waliouawa na waliopotea husimama ng'ambo ya Ikulu wamevaa nguo nyeusi, wameshika miamvuli myeusi, kimya. Yupo mama ambaye mwanawe mwanafunzi alipigwa risasi Novemba 1998. Nywele zake zimekuwa nyeupe pale pale. Kila wiki huandikwa barua kwa rais aliyepo. Januari 2023 Joko Widodo alikiri kwamba matukio 12, likiwamo la 1965, yalikuwa ukiukaji mkubwa wa haki za binadamu, akasema anasikitika sana. Kuomba radhi hakuomba. Na tarehe 10 Novemba 2025 Soeharto akatangazwa shujaa wa taifa, siku moja na Gus Dur, na siku moja na Marsinah, mfanyakazi wa kiwanda cha saa aliyetekwa na kuuawa 1993, Soeharto akiwa rais. Majina matatu orodha moja. Aliyeipanga labda aliona ndiyo halal bihalal kubwa kuliko zote. Mimi naona amemsamehe mtu kwa niaba ya marehemu, na uwakala huo sijui ameupata wapi.

Basi, ndugu zangu, mwaka huu sitaki kumtumia kila mtu ujumbe ule ule. Niliowasema barazani wanajijua, nami nawajua, nitapita mlangoni kwao. Walioondokewa na wazee wao Ramadhani hii, Mola awape subira na awarehemu waliotangulia. Anayenidai aje Idi pili baada ya alasiri, kwa sababu Idi mosi nitakuwa viwanjani na watoto na mfuko ni wao. Mlio mbali mkiwa na neno nami, nipigieni tuongee.

Idi Mubarak, na mkono wa Idi msiwanyime watoto.