Barua kwa mwanangu: kuhusu mwenzako wa chumba

Mwanangu,

Jana usiku uliponipigia simu ukinong'ona kutoka bafuni, ukaniambia mwenzako wa chumba amebakwa na kijana wa darasa lenu, nilikujibu nusunusu kwa sababu na mimi nilikuwa natetemeka. Asubuhi hii nimetulia kidogo. Mengine yasome polepole, lakini la hospitali lisipite leo.

Dawa za kuzuia VVU zinatakiwa kuanzwa ndani ya saa 72, na kadiri anavyochelewa ndivyo zinavyopungua nguvu. Akianza, atazimeza siku 28 bila kuruka. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba vinaweza kumfaa mpaka siku 5, ila navyo vikiwahiwa ni bora zaidi. Wamwangalie pia kuhusu homa ya ini na magonjwa ya zinaa. Mkiambiwa mwende kwanza polisi, wewe msemee: dawa hazisubiri maelezo. Ya polisi yatafuata, akitaka mwenyewe.

Kama hajaoga, asubiri kwanza. Najua anatamani kujisugua mpaka ngozi itoke. Kama ameshaoga, nendeni hivyohivyo, bado kuna mengi ya kufanyika. Zile nguo usizifue. Kila moja itie kwenye mfuko wake wa karatasi, si wa plastiki, maana plastiki inafungia unyevu na ushahidi unaharibika. Na ule ujumbe aliotumiwa asubuhi na yule kijana, ule wa "samahani kama umekasirika", msiufute hata kama kuuona tu kunamtia kichefuchefu.

Sasa lile ulilokuwa unalizungukazunguka kwenye simu: mbona hakupiga kelele. Umeniambia alikaa ukingoni mwa kitanda mpaka alfajiri, viatu miguuni, anarudia tu kwamba alilala kama gogo. Mwanangu, mwili ukipatwa na hofu kubwa unaweza kuganda. Sauti haitoki, mkono hauinuki, na mtu mwenyewe baadaye anajishangaa. Hilo halimaanishi alikubali. Na kwamba alikwenda kwa miguu yake chumbani kwa mtu wa darasa lenu, anayemsaidia hesabu? Alifuata daftari. Wengi wanaotendewa haya vyuoni hutendewa na mtu wanayemjua, na ndiyo maana wanaogopa kutoaminiwa.

Nikupe jambo ambalo sijawahi kukuambia. Nilipokuwa chuoni, rafiki yangu alinijia na habari kama hii. Kabla sijamshika hata mkono, nikamwuliza: "Sasa ulifuata nini kule usiku wote ule?" Alinitazama kidogo, akachukua mkoba wake, akatoka. Hakulizungumza tena na mimi hata siku moja. Tulihitimu pamoja, tukapiga picha, ameniwekea mkono begani anatabasamu. Ile picha ninayo, na sijawahi kuitundika.

Kwa hiyo wewe usimhoji. Mwambie unamwamini, halafu kaa. Akikumbuka vipande, aviandike hivyohivyo vipande, na tarehe na saa, asijilazimishe kuvipanga. Kwenda kwa mshauri wa wanafunzi, kwenda polisi, kuwaambia kwao, hayo mwachie yeye. Msindikize tu mpaka mlangoni, na akigeuka njiani, geuka naye. Najua wewe ni mwepesi wa hasira na ungependa kumfuata yule kijana leo hii. Tulia. Ukimfuata, kufika jioni bweni zima litakuwa linajua, na mwenzako hajawa tayari hata kulijua mwenyewe.

Nawe ule kitu, usishinde na chai. Nitakutumia nauli ya kwenda na kurudi hospitali, ya watu wawili.

Akitaka mtu mzima wa kuongea naye kabla hajamwambia mama yake, mpe namba yangu, saa yoyote. Sitamwuliza alifuata nini.

Mama yako