Mercedes-Benz: kabla hujalipia nyota, jua gari ni la kizazi gani

Mteja anayetafuta Mercedes ya mtumba huanza na maswali mawili: bei ni ngapi, na imetembea kilomita ngapi. Ni maswali ya msingi, lakini lipo la tatu ambalo ndilo linaloamua kama gari litakufurahisha au litakumaliza mfuko: ni la kizazi gani? C200 ya 1998, ya 2008 na ya 2015 zina nyota ileile mbele na maandishi yaleyale nyuma, ila ukifungua boneti ni magari matatu tofauti, kila moja na maradhi yake. Sisi mafundi wa gereji tunayajua maradhi hayo, dawa zake zinajulikana, na mengi hugundulika kabla hujatoa hata shilingi.

Sifa ya gari hili haikuletwa na matangazo. Ina zaidi ya karne moja, na ukijua ilijengwa kwa kitu gani utaweza kupima ni kiasi gani chake kimo ndani ya gari unaloonyeshwa.

Tarehe 29 Januari 1886, mjini Mannheim, Karl Benz aliomba hataza ya gari la magurudumu matatu lenye injini ya petroli: silinda moja, ujazo usiofika lita moja, nguvu isiyofika farasi mmoja. Gari lilikuwepo, ila watu hawakuliamini. Agosti 1888 mkewe, Bertha, alilitoa bila kumwambia mumewe, akawapakia wanawe Eugen na Richard, akaenda nalo Pforzheim kwa mama yake, mwendo wa zaidi ya kilomita 100. Mafuta aliyapata kwenye duka la dawa pale Wiesloch. Bomba la mafuta lilipoziba, alilizibua kwa pini ya kofia yake. Waya wa umeme ulipochubuka, aliuzungushia mpira wa soksi. Vipande vya mbao vya breki vilipolika, alimtafuta fundi viatu avipigilie ngozi, na hapo pedi za breki zikawa zimeanza historia yake. Safari ile ndiyo iliyothibitisha kwamba gari linaweza kwenda mbali na kurudi.

Wakati huohuo, huko Cannstatt, Gottlieb Daimler na Wilhelm Maybach walikuwa wakiunda injini zao wenyewe bila kushirikiana na Benz. Jina Mercedes lilitoka kwa mteja wao, Emil Jellinek, mfanyabiashara aliyekuwa akiishi Nice. Alitaka gari jepesi zaidi, lililoinamia chini na lenye nguvu, kisha akaliita kwa jina la binti yake. Gari hilo la farasi 35 lilitamba kwenye mashindano ya Nice Machi 1901. Nyota ya ncha tatu, ikimaanisha nchi kavu, maji na anga, ilisajiliwa 1909, na kampuni hizo mbili ziliungana Juni 1926.

Kilichofuata ndicho watu wanachokilipia hadi leo. Upande wa dizeli, 260 D ya 1936 ilikuwa miongoni mwa magari ya kwanza kabisa ya abiria kutengenezwa kwa wingi yakiwa na injini hiyo. Upande wa usalama, mhandisi Béla Barényi alibuni bodi ambayo mbele na nyuma hukunjika makusudi ili kumeza nguvu ya mgongano, huku chumba cha abiria kikibaki kigumu. Ubunifu huo uliingia kwenye magari ya kuuzwa mwaka 1959. ABS ya kielektroniki (breki zisizofunga magurudumu), iliyotengenezwa pamoja na Bosch, ilikuja kwenye S-Class mwaka 1978. Mifuko ya hewa ikafuata mwanzoni mwa miaka ya 1980, na ESP (mfumo wa kuzuia gari kuteleza) mwaka 1995. Mambo haya sasa yamo hata kwenye magari madogo ya bei nafuu, na hiyo ndiyo heshima kubwa ambayo kiwanda kinaweza kupewa.

Huku kwetu, baada ya uhuru, gari hili lilifungamana na wakubwa kiasi kwamba watu waliwaita Wabenzi. Lakini mafundi walilipenda kwa sababu nyingine kabisa, na sababu hiyo ni W123 (W na namba ni jina la kiwandani la kizazi cha gari).

W123 na W124

W123 ilitengenezwa kuanzia 1976 hadi katikati ya miaka ya 1980, karibu milioni 2.7. Chukua 240 D: injini ya dizeli ya silinda nne, pampu ya sindano isiyojua kompyuta, cheni ya taiming ya safu mbili. Haina haraka, ila haichoki. Inachodai ni kidogo, na ukikiacha inakudai kwa nguvu. Valvu zake hazijirekebishi zenyewe. Nafasi yake ipimwe kila baada ya kilomita 24,000 hivi, injini ikiwa baridi, ya kuingiza hewa milimita 0.10 na ya kutoa moshi milimita 0.30. Nafasi ikishakwisha, valvu haifungi sawasawa, mgandamizo unashuka, na gari linaanza kuwaka kwa taabu asubuhi huku likitoa moshi mweupe. Wengi hukimbilia kubadilisha plagi za joto, na wengine huambiwa injini imekufa, kumbe ni kazi ya saa chache na spana mbili.

Pale kwenye jumba la makumbusho la kampuni, Stuttgart, ipo 240 D ya mwaka 1976, ya umbo lililoitangulia W123, iliyokuwa teksi Ugiriki na kutembea takriban kilomita milioni 4.6. Inafaa kujua kwamba injini yake ilibadilishwa mara kadhaa. Mwenye gari alikuwa akihudumia kabla ya kuharibikiwa, na bodi ikabeba yote.

W124, iliyoanza mwishoni mwa 1984, kwa maoni yetu ndiyo kilele cha Mercedes ya zamani. Angalia waipa yake: mkono mmoja tu, lakini ukiwa kazini hurefuka kuelekea pembe za juu za kioo na kujirudisha katikati, ili usiache sehemu kubwa bila kufutwa. Ndani yake mna gia ndogo zinazohitaji grisi. Zikikauka, mkono unakwenda polepole, unaanza kulia, mwishowe mota inaungua. Fungua kifuniko chake, safisha grisi ya zamani iliyoganda, paka mpya. Ni spea ghali kwa uzembe mdogo.

Hatari ya kweli ya W124 ni zile za mwisho, za 1993 hadi 1995. Ngozi ya waya za injini za miaka hiyo haihimili joto. Hukauka na kupukutika kama ganda la karanga, waya zikagusana, injini ikakosa mngurumo uliotulia, na kompyuta yake ikaweza kuungua. Kabla ya kununua, fungua kifuniko cha plastiki juu ya injini na ukunje waya mmoja taratibu. Ukipasuka, bei ya waya mpya wote iingie kwenye mazungumzo.

Kuanzia W210 hadi W204

Kutu iliharibu jina la W210, iliyoirithi W124, na za wakati wake. Tazama chini ya raba za milango na, la muhimu zaidi, pale springi ya mbele inaposhikwa na bodi. Pakioza, springi inaweza kung'oka gari likiwa barabarani. Gari lililotoka Uingereza au kaskazini mwa Japani, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi, lipandishwe juu na kukaguliwa fremu ya nyuma hata kama rangi inang'aa. Hili linaihusu W204 pia.

Giaboksi ya gia tano inayoitwa 722.6 imo kwenye magari mengi kuanzia 1996, zikiwemo W204 za silinda nne za mwanzo. Yenyewe ni imara sana. Kinachoiumiza ni soketi ya waya yenye pini 13 ubavuni mwake. Raba zake huzeeka, oili hupenya, kisha hupanda kwa ndani ya waya hadi kwenye kompyuta ya gia. Gari linang'ang'ania gia ya pili. Ukilizima na kuliwasha linapona, kesho linarudia. Hapo wateja wengi huuziwa giaboksi nzima ya mtumba. Kwanza chomoa soketi uitazame. Ikiwa na oili, badilisha soketi yenyewe, ambayo ni spea ndogo, safisha waya na kompyuta, weka filta, gasketi ya sampo (trei ya oili) na oili mpya. Tatizo likibaki ndipo ishukiwe sahani ya umeme iliyo ndani, yenye sensa za mwendo.

Oili ya giaboksi hii iwe ya kiwango cha MB 236.14. Sampo ikifunguliwa hutoka kama lita 4, nyingine hubaki kwenye torki konveta (kiungo kati ya injini na giaboksi). Bomba la kujazia lina kifuniko tu, halina kijiti. Kijiti ni kifaa cha gereji, na kipimo sahihi huchukuliwa oili ikiwa na nyuzi 80, injini ikiunguruma, gia ikiwa P. Fundi akijaza kwa kukisia, usimruhusu. Oili yoyote nyekundu ya ATF (ya giaboksi za otomatiki) nayo haitoshi: klachi ndogo iliyo ndani ya konveta huanza kuteleza na kushika, gari likatetemeka kwenye mwendo wa wastani kana kwamba linapita juu ya matuta madogo.

Sasa W204, C-Class ya 2007 hadi 2014, ambayo ndiyo Mercedes inayoulizwa zaidi na anayenunua kwa mara ya kwanza. Injini ya M271, lita 1.8, ina cheni ya safu moja, nyembamba kuliko ile ya 240 D. Oili ikichelewa kubadilishwa, cheni hurefuka na kula meno ya gia za kambashafti (shafti inayofungua valvu). Dalili ni mlio wa kukwaruza kwa sekunde chache asubuhi, halafu kimya. Kimya hicho kisikudanganye, kwa sababu shinikizo la oili limefika tu na kukaza kikazio. Cheni ikiruka jino, valvu hukutana na pistoni.

Matengenezo yake yafanyike yote kwa pamoja: cheni, kikazio, na gia zote mbili za kambashafti. Anayebadilisha cheni peke yake anaiweka mpya juu ya meno yaliyolika, nayo italika upesi. Injini hiyohiyo ina sumaku mbili za kambashafti mbele ya kichwa chake. Zikivuja, oili huingia kwenye waya kama ilivyo kwa giaboksi. Chomoa soketi zake. Ukikuta oili, weka sumaku mpya pamoja na waya fupi za kuzuia oili isipande.

Kufuli la usukani la W204 nalo ni la umeme. Mota yake ikichoka, unachomeka ufunguo na dashibodi haiwaki kabisa. Si betri wala ufunguo. Usiupige usukani kwa nguvu. Kufuli hutengenezwa au hubadilishwa, kisha husajiliwa upya kwa kompyuta.

Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, kwa hiyo W204 ya huko utaipata kwa mtu ambaye tayari ameitumia nchini, na historia yake ya huduma ndiyo thamani yake. Tanzania bado unaweza kuagiza kutoka Japani, ukilipa ushuru wa ziada kwa sababu ya umri.

Oili, maji na spea

Nyuma ya kopo la oili ya injini tafuta maandishi MB 229.5, sio tu 5W-40. M271 inachukua takriban lita 5.5 pamoja na filta. Ulaya gari lenyewe linaweza kukuambia usubiri hadi kilomita 25,000. Kwa foleni za Dar es Salaam au Nairobi, injini inaunguruma saa nzima bila kilomita kuongezeka, ndiyo maana sisi tunabadilisha kila kilomita 8,000. Kwenye rejeta weka kulanti ya MB 325.0 nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa. Maji ya kisima ya pwani yana chumvi, na chumvi hula alumini.

Spea halisi huwa na namba inayoanza na A ikifuatiwa na tarakimu 10, na tatu za mwanzo mara nyingi hukuonyesha ni ya injini au bodi gani. Si lazima kila kitu kiwe na nyota. Mikono ya mbele ya Lemförder au filta ya Mann ni nzuri na bei inapungua. Bushi za bei ya kutupa, kwa mashimo ya barabara zetu, zitakurudisha gereji mapema.

Kusoma chesisi na kukagua gari

Kwenye W204 namba ya chesisi imepigwa sakafuni, mbele ya kiti cha mbele kulia, chini ya kizulia. Baada ya herufi tatu za mwanzo, tarakimu sita zinazofuata ndizo aina ya gari: WDD204041 ni C200 Kompressor. Ya kumi inaonyesha usukani, 1 kushoto na 2 kulia. Linganisha na kadi ya gari tarakimu kwa tarakimu, na pia na namba iliyo kwenye kioo cha mbele. Ukitutumia namba hiyo kabla, tutakuwa tumeshajua cha kutafuta.

Siku ya ukaguzi, mwambie muuzaji asiliwashe gari kabla hatujafika. Mlio wa cheni husikika injini ikiwa imelala usiku kucha tu. Ukikuta boneti ina moto tayari, omba siku nyingine.