Kwa Nini Tunatoza Kupanga Upya Kurasa Ulizokwisha Kupanga

Wiki iliyopita mteja mmoja aliondoka dukani kwetu hapa Mwanjelwa, Mbeya, akiwa na kinyongo. Alikuwa ameleta faili la potifolio yake ya picha, yaani kitabu cha kuonyesha kazi zake, akitaka nakala kumi na mbili zijalidiwe kwa gundi, nasi tukamwambia kwamba kurasa zinapaswa kupangwa upya na kwamba kazi hiyo inalipiwa. Alisema tunamkamua kwa kitu ambacho yeye mwenyewe amekesha akikitengeneza. Maneno hayo tumeyasikia mara nyingi, kwa hiyo tumeona heri tueleze pesa hiyo inakwenda wapi.

Kitabu cha gundi hakishonwi wala hakipigwi pini. Karatasi hulazwa moja juu ya nyingine, mashine husaga mgongo kwa milimita 2 hadi 3 ili nyuzi za karatasi zibaki wazi na kushika gundi ya moto, jalada hubandikwa, kisha kisu hupita pande tatu zilizobaki. Kila ukurasa, basi, hupunguzwa pande zote nne, na upande wa mgongo ndio unaoumia zaidi, kwa sababu kitabu cha namna hii hakifunguki kikalala mezani kama daftari; chochote kilicho karibu na gundi humezwa. Ndiyo maana sisi huacha pambizo ya ndani ya milimita 20 au zaidi, na picha inayofika ukingoni tunaipitisha milimita 3 nje ya mstari wa kukatia, ili kisu kikiyumba kidogo usibaki utepe mweupe. Kwenye kioo cha kompyuta kurasa zote huonekana bapa, na hapo ndipo mteja anapodanganyika.

Kuna kazi moja tuliyoikubali shingo upande. Mpiga picha alileta picha nzuri mno ya Daraja la Mungu, lile la mwamba lililo juu ya mto Kiwira kule Rungwe, akiwa ameitandaza katika kurasa mbili zinazotazamana. Tulimwonya, akasema tuchape kama ilivyo, maana hakutaka kulipia mpangilio. Kitabu kilipotoka, ukingo wa kulia wa mto ulionekana, majani ya ukingo wa kushoto yalionekana, na daraja lenyewe, lililokuwa katikati kabisa ya picha, lilikuwa limezama kwenye gundi. Tulichapa upya kwa gharama yake. Safari hii tuliisogeza picha ili daraja likae kwenye ukurasa mmoja, kazi isiyozidi nusu saa.

Mgongo nao una hesabu yake. Potifolio ya kurasa 96 ni karatasi 48, na ikiwa kila karatasi ina unene wa milimita 0.15, mgongo utakuwa milimita 7.2. Mchora ramani za nyumba kutoka Iringa aliongeza kurasa 20 baada ya jalada kuchapwa, na jina lake, lililopaswa kusimama katikati ya mgongo, likahamia pembeni. Wapo pia wanaotaka gundi kwa kurasa 24 tu. Hao tunawaambia wazi kwamba mgongo huo ni mwembamba mno, na pini zitawafaa kwa bei nafuu zaidi.

Picha zilizotumwa kwa WhatsApp hatuzipokei, kwa kuwa kwa kawaida huwa zimekwisha kubanwa, na mara nyingi hazifikishi nukta 300 kwa inchi, kiwango cha picha kutoka kali kwenye karatasi, katika ukubwa wa ukurasa mzima.

Wengine hutuuliza kwa nini mwezi wa Juni na Julai tunaomba siku moja zaidi. Baridi ya Mbeya hupoza gundi kabla haijashika vizuri, na kitabu kilichojalidiwa kwa haraka asubuhi ya baridi huanza kuangusha karatasi mteja anapokifungua mara ya tatu. Sisi huacha karatasi zilale ndani zipate joto la chumba kwanza, na siku hiyo hatuitozi.

Mteja wa wiki iliyopita alirudi juzi. Tulimjalidia kitabu cheupe, kisichochapwa kitu, chenye idadi ileile ya kurasa, tukampa kalamu, tukamwomba akifungue katikati na kuchora mstari mahali ambapo jicho lake linaishia karibu na mgongo. Alipima mwenyewe kwa rula, akafungua faili lake na kuona kwamba majina ya maharusi katika kurasa 14 yalikuwa ng'ambo ya mstari huo. Kitabu hicho cheupe tunamtengenezea bure kila anayeleta kazi ya gundi.