Kwa mpwa wangu, kabla hujafika Jambiani na njaa yako

Mpwa wangu,

Mama yako kanambia Ijumaa mnavuka na boti. Naandika hadharani kwa sababu kila mgeni huniuliza swali lako lilelile: tule wapi?

Mara iliyopita ulikula pweza kwenye hoteli moja ya ufukweni, mishumaa mezani, bei ya kutisha, ukarudi kwangu unasema pweza wa Zanzibar ni sawa na kutafuna ndara. Nilinyamaza, lakini iliniuma.

Huku kwetu kabla ya kuuliza wapi, uliza maji. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ndiyo bamvua: saa nne asubuhi bahari imeshakwenda zake mbali, na kina mama wanatembea kwa miguu hadi kwenye miamba kuchokoa pweza mashimoni. Adhuhuri pweza yuko kijijini. Siku za maji mafu bahari haitoki sana, na unayeuziwa huenda katoka kwenye friza. Si haramu, ila usimlipie bei ya mbichi. Ijumaa yenu mwezi utakuwa wa siku mbili, kwa hiyo mna bahati.

Basi nendeni kwenye vibanda vya kina mama upande wa kijijini, siyo kwenye mchanga, na muagize asubuhi. Pweza hupigwa, hupigwa tena mpaka alegee, huchemka kwa maji yake mwenyewe bila chumvi, ndipo lije tui zito. Hiyo si kazi ya dakika 15. Ukiagiza ukaletewa soda yako haijafika nusu, huyo alipikwa lini?

Chai najua mmeshalipia hotelini. Sawa, ila siku moja amkeni mle vitumbua vingali moto.

Mjini mambo ni mepesi. Mchana, mkahawa wa Lukmaan pale Mkunazini penye mbuyu: unaonyesha kwa kidole, unapakuliwa. Urojo ni wa alasiri. Simama umwangalie muuzaji: bajia, kachori, viazi, vipande vya mshikaki, halafu upawa wa mchuzi wa manjano wenye ukali wa embe mbichi, chatini ya nazi, na juu kabisa chipsi za muhogo. Kula upesi, zikilowa hazina raha. Pilipili omba kidogo, wewe nakujua.

Forodhani, ile bustani ya pwani hapo mjini, ni baada ya magharibi. Juisi ya miwa yenye ndimu na tangawizi, na ile pizza ya kukunjwa yenye yai na nyama ya kusaga. Mishikaki ya samaki iliyopangwa kwa urembo uliza bei kabla haijagusa sahani.

Niambie kabla ya Alhamisi mko wangapi hasa. Jirani yangu anataka kujua akune nazi ngapi.

Mjomba wako