Barua ndani ya boksi la spika

Mwanangu mpendwa,

Marahaba kwa salamu zako. Huku Uyole tu wazima, ila mama yako baridi ya mwezi huu imemkalia kifuani. Ukungu hauachii mpaka saa nne asubuhi, na sufuria la chai halishuki jikoni. Barua hii umeikuta juu ya sweta aliyokufumia, na chini ya sweta kuna spika mbili na amplifaya ndogo. Usizitoe kwanza. Kaa usome.

Neno lako la Krismasi ninalo bado. Ulisimama sebuleni ukatazama amplifaya yangu, deki, na zile spika mbili zinazofika kiunoni, ukaniambia kwa upole, "Baba, hivi vitu si ungeuza tu? Vimejaza nyumba. Nitakuletea sabufa ya bluetooth, unaibeba mkononi mpaka shambani." Mama yako alicheka, mimi nikanyamaza. Niliumia, sikufichi. Ile amplifaya niliinunua mwaka 1988 kwa mmisionari aliyekuwa anarudi kwao, na fedha yake ilitoka kwa ng'ombe wawili alionigawia babu yako. Televisheni huku Bara ilikuwa haijafika, ilikuja mwaka 1994, kwa hiyo jioni zetu zilikuwa za redio na kaseti, na nyumba yenye mashine kama ile haikukosa wageni. Nimeibadilishia kapasita mara mbili kwa mkono wangu. Sponji za pembeni za spika zilipooza nikafunga za mpira. Kitu ulichokitunza hivyo, mtu akikuambia uza, hata akisema kwa upendo, lazima moyo ushtuke.

Lakini tangu siku ile nimekuwa nikifikiri, na mengine nimeona ulikuwa na haki.

Kesho yake, unakumbuka, uliniambia nikae nigeukie ukuta. Ukapiga nyimbo kumi, kila mmoja mara mbili: mara moja kutoka kwenye sidii, mara moja kutoka kwenye faili la MP3 la kilobiti 320 kwa sekunde ulilolitengeneza kwa sidii ileile, zote kupitia amplifaya yangu. Ukaniuliza ipi ni sidii. Nilipatia sita. Mtu anayerusha shilingi hewani hupatia tano. Miaka yote kwenye kibanda changu cha ufundi Mwanjelwa nimewaambia wateja kwamba nyimbo za kompyuta ni makapi, nikiamini kabisa, na siku hiyo nikajua niliwapotosha. Nimeshawaambia wale ninaoonana nao bado.

Baadaye nilikaa nikajieleza mwenyewe kwa nini nilishindwa. Sidii, tangu ilipotoka mwaka 1982, inapima sauti mara 44,100 kila sekunde, kwa kuwa sikio la mtu mwenye afya linakomea kwenye mitetemo kama 20,000 kwa sekunde, na ukitaka kunasa mtetemo lazima uupime zaidi ya mara mbili. Langu kwa umri huu halifiki hata huko. Wajerumani waliotengeneza MP3 nao hawakukata ovyo. Walichunguza sauti ipi inafunikwa na nyingine, kama mnong'ono unavyofunikwa na ngoma, wakaitupa ile ambayo sikio lisingeisikia. Ukiacha nafasi ya kutosha, kama ulivyofanya wewe, kinachopotea ni kidogo sana. Ukiibana mpaka kilobiti 128, umebakiza kama sehemu moja kati ya kumi na moja ya ile ya sidii, na hapo matoazi yanaanza kulia kama maji ya bomba. Ule wimbo unaozunguka WhatsApp, umebanwa na huyu, ukabanwa tena na yule, huo achana nao. Lakini kwa jumla faili lako halina kosa.

Kosa liko pengine, na ndilo lililonifanya nitengeneze hizi spika.

Ile kaseti ya kwaya yetu ya Tukuyu, iliyorekodiwa mwaka 1987, aliirekodi mmisionari huyohuyo. Alisimamisha maikrofoni mbili mbele ya kwaya, moja upande wa kushoto, moja kulia, akatukataza hata kukohoa. Hiyo sauti ya njia mbili ni kazi ya Mwingereza mmoja, Alan Blumlein, aliyeiombea hataza mwaka 1931. Maana yake ni kwamba aliyesimama kushoto kanisani anabaki kushoto sebuleni. Ulipokuwa na miaka saba nilikuwa naipiga kaseti hiyo jioni moja ya mvua, ukaja ukasimama katikati ya spika, ukanyosha kidole karibu na mlango pasipo na kitu, ukauliza, "Baba, huyu anayeimba chini hapa ni nani?"

Alikuwa baba yako mdogo. Aliimba sauti ya nne, ile ya chini kabisa, mimi nikiwa pembeni yake. Alifariki kabla hujazaliwa, na picha yake tuliyo nayo ni moja tu, ya kitambulisho. Uliona mahali aliposimama. Sikuweza kukujibu palepale, nilikwenda nje nikajifanya natazama mvua.

Sasa Krismasi hii wimbo uleule uliuhamishia kwenye simu, ukaupiga mezani wakati wa chai. Sauti ya kwanza ikatoka, ya pili ikatoka, safi kabisa. Ya nne haikuwepo. Nilisogeza sikio, haikuwepo. Ukasema, "Mbona inasikika vizuri, baba." Ulisema kweli kwa ulichokisikia. Mwimbaji wa sauti ya nne anashuka mpaka mitetemo kama 80 kwa sekunde, na spika ya simu, iliyo ndogo kuliko ukucha, chini ya 300 inakuwa imechoka. Sikio letu lina huruma, linasikia mabaki ya juu ya ile sauti na kujijazia lenyewe, kwa hiyo tuni unaipata. Kifua cha mtu hukipati.

Sabufa nayo inakosea upande wa pili. Nimezifungua nyingi sana hapa kibandani. Zile za bei ya chini zina boksi la ubao mwembamba wa vumbi la mbao, na boksi lenyewe lina noti moja linayoipenda, basi kila besi ikipita inageuzwa kuwa noti hiyo. Du, du, du, wimbo wote. Vijana wanafurahi kwa kuwa sakafu inatikisika, na si vibaya kufurahi, harusini inafaa. Ila mpiga gita la besi aliyehangaika kutembea kutoka noti hii kwenda ile amefungwa mdomo. Ile nyuzi yake nene kabisa inatetemeka mara 41 kwa sekunde, na wimbi lake hewani lina urefu wa zaidi ya mita 8. Hilo ni refu kuliko sebule yetu. Kulitoa kwa usafi si jambo la boksi lililogongwagongwa haraka.

Watu wa rika langu tukikutana tunasema vijana hawana masikio. Na mimi nilisema hivyo. Siku hizi sisemi. Nilipokuja Dar mwezi wa tatu nikalala kwako usiku ule mmoja, nikaona. Chumba cha futi kumi kwa kumi, kitanda, jiko la gesi, ndoo. Ukuta mmoja na jirani mwenye mtoto mchanga. Kodi ya miezi sita umeilipa kwa mkupuo, na mwenye nyumba akiamka vibaya unahama na virago vyako kwenye bajaji. Nani atabeba spika za kufika kiunoni katika maisha hayo? Mimi nilipokuwa na umri wako nilikuwa na nyumba ya udongo, lakini ilikuwa nyumba, na jirani wa karibu alikuwa ng'ambo ya shamba la viazi. Nilipewa nafasi ya kusikiliza bila kuiomba. Ninyi mmepewa nyimbo zote za dunia mfukoni, na hamkupewa pa kukaa nazo.

Na wale vijana wanaokuja kibandani sasa, kuna mmoja anarekodi kwaya na bongo fleva kwenye chumba alichobandika trei za mayai ukutani (hazizuii kelele, nimemwambia, zinapunguza mwangwi wa juu tu). Ana spika mbili ndogo za studio, amezipanga kwa pembetatu na kiti chake, na anaweza kubishana nami saa nzima juu ya besi. Huko Marekani nako, mwaka 2022 santuri ziliuzwa kama milioni 41 na sidii kama milioni 33, mara ya kwanza santuri kuzishinda kwa idadi tangu mwaka 1987, na kati ya wanunuzi wamo vijana. Sidhani ni kwa sababu santuri ina sauti safi zaidi, kwa vipimo haina. Nadhani ni kwa sababu santuri inakulazimisha kukaa. Upande mmoja ni dakika ishirini na kitu, kisha uinuke uigeuze.

Jambo moja tu nitakugombeza. Tulipopanda daladala kutoka Mbezi ulivaa iafoni, na mimi niliyekaa pembeni yako nilikuwa nausikia wimbo wako. Unaongeza sauti ili kushinda injini na kondakta. Shirika la Afya Duniani linasema desibeli 80 unaweza kuzivumilia saa 40 kwa wiki, lakini ukifika 90 zinabaki saa 4 tu, na foleni ya kwenu hiyo ni siku mbili. Linahesabu vijana zaidi ya bilioni moja duniani walio hatarini kupoteza usikivu kwa namna hii. Kilichokufa ndani ya sikio hakioti tena. Mimi kapasita naweza kubadilisha. Hilo siwezi. Tafadhali mwanangu, ndani ya basi punguza, au zima kabisa utazame watu.

Basi, hizi spika. Boksi nimetengenezewa na seremala wa Soweto ya hapa Mbeya, mbao ni mninga wa Chunya, nzito, ndiyo maana nilimsihi kondakta zisiwekwe chini ya magunia. Spika yenyewe ya inchi tano, na twita, ile spika ndogo ya sauti za juu, ya inchi moja juu yake. Boksi limezibwa kote, halina tundu. Mmarekani mmoja, Edgar Villchur, mwaka 1954 alionyesha kwamba hewa iliyofungiwa ndani ya boksi inaweza kuwa springi ya spika, na boksi dogo likatoa besi iliyonyooka. Haitashuka mpaka ile nyuzi nene kwa nguvu zote, nisikudanganye. Sauti ya nne itafika, tena yote. Amplifaya ni ya wati 20 kila upande, kwa chumba chako ni nyingi, na kwa usikilizaji wa kistaarabu mtoto wa jirani hataamka. Nimeweka na adapta, maana simu yako haina tundu la iafoni. Tumia waya nyekundu na nyeupe, bluetooth iache kwa siku za kupika.

Ziweke juu ya ile meza yako, si sakafuni, twita ifike usawa wa sikio ukiwa umekaa. Zitoe ukutani kiasi cha shubiri moja au mbili, zikigusana na ukuta besi inavimba. Kutoka spika hadi spika, na kutoka kila spika hadi kichwa chako, umbali uwe uleule. Pima kwa kamba. Kitandani pale, upande wa dirisha, panafaa; nilipima kwa hatua ule usiku ulipokwenda kununua chipsi. Blanketi na nguo zilizotundikwa zinasaidia kumeza mwangwi, usizitoe.

Ukihama, zinaingia kwenye begi moja, nimepima na hilo. Zangu kubwa siziuzi. Siku ukipata nyumba utazikuta.

Mama yako ameweka mchele wa Kyela kwenye mfuko wa pembeni na parachichi sita, alitaka kuziweka ndani ya boksi la spika tukabishana. Zimefungwa kwenye gazeti, kula za juu kwanza.

Kwenye ile flashi ndogo iliyobandikwa nyuma ya spika ya kushoto kuna kaseti yote ya 1987, nimeihamisha upya baada ya kusafisha kichwa cha deki, sikuibana hata kidogo. Subiri usiku, saa nne hivi, barabara itulie. Zima taa kama unapenda, simu iweke mbali ukishaiunganisha. Wimbo wa tatu, ubeti wa pili, kwaya nzima inanyamaza ibakie sauti ya nne peke yake, mstari mmoja tu. Aliye kushoto kabisa, anayechelewa kidogo kuingia, ndiye. Aliyesimama naye bega kwa bega ni mimi, nikiwa na miaka 24.

Nipigie ukimaliza, hata ikiwa saa sita. Nitakuwa macho.

Baba yako